Maswali Yenu: Plastiki Kupata Nguvu Bila Kuyeyushwa

Awamu hii barua zimekuwa nyingi sana juu ya jambo moja, plastiki kuimarishwa ikiwa bado ngumu, kwa hiyo nafasi yote nimewapa waliouliza hilo. Wenye maswali ya betri na rangi mnisubiri, zamu yenu inakuja.

Habari za kazi. Kuna jamaa tunafanya naye kazi anasisitiza kwamba plastiki ile ile, bila kuongezewa nyuzi za kioo wala kemikali yoyote, ukiisukuma kwenye tundu ikiwa haijayeyuka inatoka na nguvu mara nyingi zaidi. Mi naona haiingii akilini, kitu ni kile kile, hiyo nguvu inatoka wapi?

Jamaa yako yuko sahihi, na hiyo nguvu ilikuwemo humo humo tangu mwanzo, shida ni kwamba haikuwa imepangwa.

Chukua poliethileni, ile ya madumu. Molekuli yake ni mnyororo mrefu wa kaboni, maelfu na maelfu zimeshikana moja baada ya nyingine, na kile kifungo cha kaboni kwa kaboni ni kigumu ajabu, mahesabu yanaonesha ukiweza kuivuta minyororo yote kwa urefu wake ukakamavu (yaani jinsi kitu kinavyokataa kurefuka kikivutwa, kipimo chake ni gigapaskali) unafika gigapaskali 250 mpaka 300 wakati chuma cha kawaida ni kama 200. Sasa pima kipande cha dumu chenyewe, utapata kama gigapaskali 1. Moja tu! Hiyo tofauti ndo inayowafanya watu wahangaike na hii kitu zaidi ya miaka 50 sasa.

Sababu ya hasara yote hiyo ni jinsi plastiki inavyopoa. Ikiyeyuka minyororo inajisokota na kuchanganyikana hovyo, ikianza kupoa inajikunja kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, inatengeneza vibapa vyembamba vya fuwele vyenye unene wa kama nanomita 10. Mtafiti Andrew Keller wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, ndiye alieonesha mwaka 1957 kwamba mnyororo mmoja mrefu unajikunja mara nyingi ndani ya kibapa kimoja, na watu walibisha sana kabla ya kukubali. Kwa hiyo ukivuta kipande cha kawaida wala huvuti vile vifungo vya kaboni, unachofanya ni kutenganisha minyororo iliyolala karibu karibu, na kinachoishikanisha hiyo ni mvutano dhaifu tu.

Ukiipasha moto lakini usifike pale inapoyeyuka (poliethileni nzito inayeyuka kama nyuzi 130 za sentigredi) halafu ukailazimisha kwa presha kupita kwenye tundu linalopungua, vile vibapa vinainama, vinateleza, vinavunjika vipande vipande, ile mikunjo inafunguka na minyororo inalala kufuata njia ya kutokea. Watu wananiuliza kwa nini wasiiyeyushe tu wakaipanga kirahisi? Kwa sababu ikiwa imeyeyuka unaipanga, afu muda mfupi sana baadae imeshajisokota tena, haina cha kuishikilia. Ikiwa ngumu inakaa ulivyoipanga. Hapo ndo siri yote ilipo.

Roger Porter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitoa nyuzi za poliethileni namna hii zikawa zinapitisha mwanga kama kioo, wakati plastiki yenyewe kwa kawaida ina weupe wa maziwa. Uingereza, pale Leeds, Ian Ward na Giancarlo Capaccio wao waliivuta tu bila kuisukuma wakafika kama gigapaskali 70. Kutoka 1 mpaka 70, kitu ni kile kile, hakijaongezwa chochote!

Mimi ni fundi, nina ekstruda ya skrubu moja (mashine inayoyeyusha plastiki na kuisukuma itokee kwenye tundu) natengeneza fito na mikanda ya plastiki. Nikishusha joto chini ya kiwango cha kuyeyuka si nitapata hiyo nguvu? Nilitaka kujaribu wikiendi.

Kaka, nakuomba sana usijaribu. Skrubu imetengenezwa kwa ajili ya kuyeyusha, plastiki inaanza punje punje inaishia uji, sasa ukishusha joto punje zinakaba kati ya skrubu na ukuta, presha inapanda ghafla, na hapo ama skrubu inakatika ama boliti za kichwa cha mashine zinaachia, na zikiachia wewe uliesimama mbele ndo unapigwa. Ekstruda ya kawaida presha yake ni makumi ya megapaskali (megapaskali elfu ndo gigapaskali moja), kusukuma plastiki ngumu kwenye tundu dogo kunaweza kutaka mamia. Sio mashine ile kabisa.

Kinachotumika ni pistoni. Unaweka mche mzima wa plastiki kwenye silinda nene, unapasha moto taratibu mpaka katikati nako kupate moto sawa, afu unasukuma. Wengine wanauzungushia mche mafuta, hata mafuta ya nyonyo yametumika sana, ili presha ishike pande zote na plastiki isisuguane na ukuta. Na mwendo wake ni wa pole pole mno, sentimita chache kwa dakika na mara nyingine pungufu ya hapo. Hilo ndo limeifanya teknolojia hii ikae maabara muda mrefu kiasi hiki, mtu wa kiwanda akisikia sentimita kwa dakika anaondoka.

Ukiharakisha inakuwaje? Kazi yote unayoifanya kuisukuma inageuka joto humo humo ndani, na plastiki haipitishi joto vizuri, chuma cha kawaida kinapitisha mara mia au zaidi kuliko yenyewe, kwa hiyo katikati kunachemka wakati nje bado, minyororo ya ndani inalegea na kujisokota tena, unapata fito ambayo nje imepangika ndani imeharibika. Au inatoka na nyufa kama magamba.

Ila kwa mashine uliyonayo kuna kitu unaweza, na ni kizuri tu: kuvuta baada ya kutoa. Unatoa mkanda kama kawaida, unaupoza kwenye maji, unaupitisha kwenye oveni chini ya kiwango cha kuyeyuka, na roli za upande wa pili zinazunguka haraka kuliko za kwanza. Nyuzi bapa za polipropilini zinazofumwa magunia zinatengenezwa hivyo, zinavutwa kama mara tano mpaka saba ya urefu wake. Baada ya hapo zipitishe kwenye roli za moto ziachie kidogo, ukiruka hatua hiyo zitasinyaa zikipata joto huko mbele. Na uangalie kitu kimoja, mkanda ukishavutwa vizuri utakuwa mgumu kukatika kwa urefu ila utachanika kirahisi sana kuelekea urefu huo huo. Usishangae, hujakosea. Ulichokifanya ni kuhamisha nguvu, upande mmoja umepata na mwingine umepoteza, kwa hiyo kabla ya kuuza jiulize mteja mzigo wake unavuta kutoka wapi.

Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi mwaka wa tatu. Kwenye metali tumefundishwa kupitisha kipande kwenye mkondo wenye kona ili kiwe na nguvu. Je plastiki nayo ni hivyo hivyo? Na ina faida gani kuliko kuisukuma kwenye tundu linalopungua?

Marahaba mdogo wangu, swali lako limenifurahisha kuliko yote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tundu linalopungua lina tatizo moja kubwa. Ukitaka kuipanga minyororo sana lazima upunguze sana, unaingiza mche mnene unatoa kijiti, ukitaka zaidi unatoa uzi. Mwisho wa siku una nyuzi nzuri mno lakini huna kipande kinene cha kuchonga gia au beringi. Mkondo wenye kona ulikuja kutatua hilo. Vladimir Segal na wenzake kule Minsk, Belarusi, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walifikiria mikondo miwili ya upana ule ule inayokutana kwa pembe, kipande kinaingia huku kinakunja kona kinatokea kule kikiwa na unene ule ule ulioingia nao. Kilichotokea pale kwenye kona ni shia, yaani matabaka yameteleza moja juu ya lingine kama karata ukizisukuma kwa kiganja. Na kwa sababu unene haujabadilika unaweza ukakichukua ukakirudisha tena, na tena. Wazo la kugandamiza kitu huku unakiteleza halikuanzia kwake, Percy Bridgman wa Marekani alishalifanyia kazi muda mrefu na alipata Nobel ya fizikia mwaka 1946 kwa kazi zake za presha kubwa, ila yeye vipande vyake vilikuwa vidogo vidogo na vyembamba.

Hesabu yake unaijua, kona ya nyuzi 90 inatoa shia ya 2 kwa mpito mmoja (yaani tabaka linateleza mara mbili ya unene wake), ya 120 inatoa kama 1.15. Sasa fanya hatua moja zaidi ambayo wengi wanairuka: shia ya 2 maana yake kuna upande mmoja ndani ya kipande umerefushwa kama mara 2.4, na upande huo haufuati mhimili wa kipande, uko mshazari kama nyuzi 22 hivi kutoka kwenye njia ya kutokea. Kwa plastiki hili ni la muhimu kuliko kitu chochote kwa sababu minyororo inakwenda kulala kwenye huo mshazari. Ukikata sampuli yako ya kupimia kufuata mhimili utapata namba ndogo kuliko ukweli, ukikata kufuata mshazari utaona kazi uliyoifanya.

Na hapa ndipo plastiki inapoachana na metali, usichukue kitabu cha metali ukakinakili. Kwenye metali unatafuta chembe ziwe ndogo ndogo na zilingane pande zote, ndo maana wanapenda kugeuza kipande robo duara kila mpito. Kwenye plastiki hatuna shida na chembe, tunataka mwelekeo. Ukikirudisha kipande bila kukigeuza mwelekeo unaongezeka mpito kwa mpito. Ukikigeuza nusu duara, mpito wa pili unafuta kwa sehemu kubwa kile kilichofanywa na wa kwanza, minyororo inarudishwa kule ilikotoka, ingawa plastiki haiwi ile ya mwanzo kabisa kwa sababu vibapa vimeshavurugwa na muundo umebadilika. Kwa hiyo chaguo la kugeuza au kutogeuza ni sawa na kuamua unataka nguvu nyingi upande mmoja au ustahimilivu uliotawanyika, na mimi nakushauri uanze na kutogeuza maana matokeo yake yanasomeka vizuri zaidi ukiwa bado unajifunza.

Polikaboneti ni mfano mzuri wa kuanzia. Haina fuwele kwa hiyo huna vibapa vya kuvunja, kuna mwelekeo tu, na imeonekana baada ya kupitishwa kwenye kona inahimili kishindo vizuri zaidi pale ufa unapolazimika kuikata minyororo. Watafiti wa Donetsk, Ukraine, kina Beloshenko, wao waliongeza kona kadhaa kwenye mkondo mmoja ili mpito mmoja ufanye kazi ya mipito mingi.

Ukienda maabara kumbuka plastiki ina tabia ya kurudi, ikitoka tu inataka kujikunja kama ndizi na kutanuka. Weka presha ya kuirudisha nyuma upande wa kutokea, na uipoze ikiwa bado imebanwa. Wanafunzi wengi wanatoa kipande kikiwa cha moto wanakiweka mezani, kikifika kupoa kimeshapoteza sehemu ya kile walichokihangaikia.

Kwa nini chupa ya maji ya kunywa nikiimwagia maji ya moto inasinyaa lakini shingo yake haisinyai?

Kwa sababu mwili wa chupa ulivutwa ikiwa ngumu-laini na shingo haikuvutwa. Inaanza kama kijiti kinene kifupi chenye shingo iliyokamilika, wanakipasha moto kama nyuzi 100, wanakivuta kwa urefu na kukipuliza kwa upana, minyororo inapangika pande mbili na ndo maana ukuta mwembamba vile unabeba presha ya soda. Nathaniel Wyeth wa kampuni ya kemikali ya DuPont, Marekani, alipata hataza ya chupa hiyo mwaka 1973. Ukimwaga maji ya moto unavuka zile nyuzi 70 na kitu ambazo plastiki hiyo inaanza kulegea, minyororo inapata nafasi ya kujisokota, chupa inarudi ilikotoka. Mabomba ya maji ya PVC iliyovutwa yanafuata wazo hilo hilo, nguvu ya muda mrefu ya PVC ya kawaida inahesabiwa megapaskali 25 na iliyovutwa inafika hata 50, ukuta unakuwa mwembamba na bomba jepesi. Ila usilipashe moto ili kulipinda wala kulitanua mdomo, utakuwa umeifuta kazi yote hapo hapo.

Nimeona tangazo la kamba ya poliethileni eti ina nguvu mara 15 kuliko chuma. Huu si ni uongo wa wauzaji?

Sio uongo ila wameacha neno moja muhimu, *kwa uzito ule ule*. Nyuzi za poliethileni kama Dyneema zinabeba kama gigapaskali 3.5 kabla ya kukatika (hapa tunapima nguvu ya kukatika, sio ukakamavu ule wa mwanzo), waya mzuri wa chuma unabeba kama 2, kwa hiyo kwa unene ule ule tofauti haifiki hata mara mbili. Lakini chuma kina uzito mara nane ya poliethileni, ukigawa kwa uzito inakuja kama mara 14 hivi, ukilinganisha na waya wa chuma wa daraja la chini kidogo unafika 15 bila shida. Paul Smith na Piet Lemstra wa Uholanzi ndio waliofungua njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, waliiyeyusha plastiki yenye minyororo mirefu mno kwenye kimiminika ili isisokotane sana, wakaigandisha ikawa kama jeli, ndipo wakaivuta ikiwa ngumu. Ile kuvuta ya mwisho ndo inayoleta nguvu.

Ninachoomba usome kwenye lebo kabla ya kununua ni mambo ambayo tangazo halisemi. Inayeyuka kama nyuzi 145 mpaka 150 na inapoteza nguvu mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo isikae karibu na breki wala ekzosi. Inateleza, fundo la kawaida linaachia. Na ukiiachia mzigo mzito ukining'inia muda mrefu inarefuka kidogo kidogo, kwa hiyo mzigo wa kudumu wa miaka siwezi kukushauri uutundike hapo bila kuuliza mtengenezaji kwanza.

Mama yangu amebadilishiwa nyonga na daktari alitaja kuwa ndani kuna plastiki "iliyoimarishwa". Nina wasiwasi, plastiki mwilini itadumu kweli?

Dada yangu pole kwa kumuuguza mama, na hilo lisikunyime usingizi. Plastiki kwenye nyonga ilianza kutumika Novemba 1962, daktari John Charnley wa Uingereza alipoanza kuweka poliethileni yenye minyororo mirefu sana, na mpaka leo bado ndo inayotumika sana.

Adui wake alikuwa vumbi. Kila hatua inasagwa chembe ndogo ndogo, mwili unazishambulia, na katika kuzishambulia unaula mfupa unaoshikilia kiungo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kuipiga mionzi ili minyororo ishikane kwa pembeni, usagikaji ukapungua sana. Lakini mionzi inaacha vipande vya molekuli visivyotulia ambavyo miaka inavyokwenda vinakutana na oksijeni na plastiki inakuwa dhaifu. Ukiiyeyusha vinaisha, ila fuwele zinapungua na nguvu inashuka. Kwa hiyo ikaja njia nyingine ambayo ndo habari yetu ya leo, baada ya mionzi mche unapashwa kama nyuzi 130, chini ya kuyeyuka, unasukumwa kwenye tundu dogo kidogo, minyororo inatikisika kiasi cha vile vipande kukutana na kumalizana wakati fuwele zinabaki. Wengine wanaongeza vitamini E kwa kazi hiyo hiyo. Sijui daktari alimaanisha ipi kati ya hizo, na kwa afya ya mama haibadilishi sana, wewe mpeleke kliniki tarehe zake zote za kupigwa picha maana mfupa ukianza kuliwa mara nyingi picha inaona kabla mama hajasikia maumivu.

Na kuna pini na skrubu za mfupa zinazoyeyuka zenyewe mwilini, Helsinki, Finland, walianza na pini kwa watu waliovunjika kifundo cha mguu tangu 1984. Nazo zinaimarishwa bila kuongezewa kitu kigeni, maana mwili ungebaki nacho.

Swali fupi: plastiki taka zilizochanganyika, hii njia inasaidia?

Kidogo, na kwa namna nyingine. Poliethileni na polipropilini zikiyeyushwa pamoja zinajitenga kama mafuta na maji, ukivuta kipande kinakatikia pale zinapokutana. Chuo Kikuu cha Northwestern, kina Klementina Khait na John Torkelson, waliweka skrubu zinazopozwa badala ya kupashwa, plastiki inasagwa ikiwa ngumu, baadhi ya minyororo inakatika na ncha zake zinaweza kushikana na za plastiki ya jirani, mchanganyiko unatoka laini na unakaa vizuri zaidi. Umeme unaokula ni mwingi, kwa hiyo kama unaweza kuzitenganisha mapema, zitenganishe.